Nilifunika Jicho, Nikasahau Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata hatua moja. Mkuu wa Karakana wa chama cha ushirika, mzee mfupi ambaye nadhani hata kanisani alikwenda na ovaroli, aliniketisha kwenye usukani wa lori la kahawa lililoegeshwa, akaniambia nimtajie kila ninachokiona na kila ninachokisikia. Nikamtajia vioo, geji ya upepo wa breki, mkanda wa injini unaolia. Nilipomaliza akaninyooshea kidole kule barabara inakokunja.

"Na nyuma ya ile kona?"

"Nyuma ya kona sioni kitu, mzee."

"Basi jua yupo mtu. Piga honi mara tatu kabla hujaifikia. Na gia unayopandia mlima ndiyo hiyo hiyo ya kuteremkia. Breki ni ya kusimamia, bwana mdogo, si ya kuteremkia."

Nyinyi mnaojifunza udereva leo kwenye lami huenda mkacheka. Lakini gari zito likiteremshwa kwa breki tupu, breki hupata moto na kulegea, na milima yetu ya Umatengo haina huruma na mtu wa namna hiyo. Ukiweka gia nzito, injini yenyewe hulishika gari. Nilibeba kahawa ya Ukata na Kitura miaka mingi, masika tukifunga minyororo kwenye magurudumu ili tusiteleze, na lori langu halikuwahi kulala bondeni. Najisifu, ndiyo. Mzee asipojisifu nani atamsifia?

Ushirika ulipopunguza magari nikaenda kuendesha kosta za abiria za mfanyabiashara mmoja, kati ya Mbinga na Mbamba Bay. Huko nikakuta kazi ya pili ambayo haimo kwenye leseni. Kwenye gari letu kiti cha pembeni ya dereva kilikuwa cha mgonjwa, au cha mtu anayetoka hospitali. Hakuna aliyekiandika hivyo. Abiria walikiacha wazi wenyewe, na aliyekikalia alikuwa na ruhusa ya kusema na dereva. Mtu aliyetoka kuambiwa jambo zito na daktari hawezi kulipeleka nyumbani likiwa bichi. Hulisema kwanza kwa mtu ambaye macho yake yako barabarani na hawezi kumkodolea. Nimesikia mengi kwenye kiti kile, na nilipofika stendi niliyaacha humo humo.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza. Mke wangu husema ningeliuliza hata jiwe lilikozaliwa. Walipotufungia king'amuzi, kile kifaa kinacholia dereva akizidisha mwendo na kupeleka habari zake ofisini, nilimsumbua fundi mpaka akanifungulia nione ndani. Kwa hiyo Meneja wa Usafirishaji alipoleta kamera za kubandika kwenye kioo cha mbele, nilikuwa wa kwanza kupanga foleni.

Ilikuwa ndogo kama kiberiti, yenye macho mawili, moja likitazama barabara na jingine likitazama ndani. Nikauliza inaanza saa ngapi. Fundi akasema ukiwasha gari tu. Nikauliza ikijaa je? Akasema inafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Nikauliza nani anazitazama, akanielekeza kwa Meneja. Meneja, kijana msomi mwenye haraka, akasema, "Mzee Osmundi, hii ni ya kukulinda wewe. Mtu akikugonga akakusingizia, picha inasema ukweli." Nikafurahi kweli. Wangapi nimewaona wakipoteza leseni kwa neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine? Ila katika maswali yangu yote hayo, moja sikuuliza. Sikuuliza kama inasikia.

Mama mmoja mwalimu, mwenyeji wa pwani ya ziwa, alipanda Mbinga siku ya mvua akitokea hospitali. Watu wakamwachia kiti cha mbele. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akawa anatazama mvua kiooni mpaka tulipouanza mteremko wa kwenda ziwani. Hapo akaanza kulia.

Kwetu mtu akilia mbele za watu hufunikwa khanga, alie kwa nafasi yake. Mimi khanga sina. Nikavua kofia yangu nikaitundika juu ya kamera, ikafunika macho yote mawili, nikamwambia, "Sema tu mama, hapa hakuna anayekuona." Akasema.

Mbele yetu kulikuwa na kona. Nikapiga honi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yeye akiendelea kusema katikati yake. Tukaingia konani, mara mama akapiga kelele, "Baba, pikipiki! Iko upande wetu!" Bodaboda alikuwa analipita lori, amekuja moja kwa moja kwetu. Nikakata kushoto, nikagonga ngema, ule ukuta wa udongo kando ya barabara, gari likazunguka na kusimama katikati ya barabara. Abiria wangu walitoka wazima. Yule kijana wa pikipiki alitugonga ubavuni akavunjika mguu.

Lori lilikwishapotelea mlimani. Mvua ilifuta alama za matairi, abiria wa nyuma hawakuwa wameona mbele, na yule mama alikwisha kupanda gari jingine kabla polisi hawajafika. Kijana, kwa maumivu na hofu yake, akasema mimi ndiye niliyehama upande, na gari langu lilikuwa hapo katikati likimuunga mkono. Mkaguzi wa Usalama Barabarani, mama mtulivu mwenye sauti ya chini, akachukua leseni yangu. Miaka yote ile ya honi tatu, nikabaki mtu aliyevunja mguu wa mtoto wa wenzake. Niliumia sana, siwafichi.

Kesho yake Meneja akaniita ofisini. "Picha hakuna, mzee, giza tupu. Uliifunika ya nini? Lakini bahati yako, sauti ipo." Akabonyeza. Nikamsikia yule mama akivuta pumzi kabla ya kusema, nikaruka kutoka kitini.

"Zima!"

"Mzee, honi zako zote zimo. Neno tupu la abiria wako halitatosha. Hii ndiyo leseni yako."

"Zima, mwanangu. Hayo si yangu wala si yako."

Akazima. Nikamwomba akate, zibaki honi tu. Akajaribu, haikuwezekana. Neno lenyewe lililomliza lilikuwa katikati ya honi ya kwanza na ya pili.

Tukampigia simu wakili wa kampuni. Akatueleza kwamba iko sheria ya kulinda taarifa binafsi, na kwa ufupi wake, mtu anayerekodiwa anapaswa kujua anarekodiwa na kwa sababu gani, na kilichochukuliwa kwa kazi moja kisitumiwe kwa nyingine. Kamera ya ajali ichukue ya ajali. Nikauliza, "Abiria wetu waliambiwa?" Meneja akatazama dirishani. Humo garini hakukuwa na hata karatasi ya kusema gari lina kamera. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia yule mama hakuna anayemwona. Sikusema uongo, lakini nilimponza vilevile.

Nikapanda gari la mwenzangu kwenda ziwani kumtafuta. Nilimkuta uani kwake akianika usipa, wale dagaa wa ziwani, nikamweleza yote bila kupunguza. Alikaa chini kwenye mchanga.

"Ina maana sauti yangu iko ofisini kwenu?"

"Ipo, mama. Meneja alikuwa ameisikia kabla yangu; mbele yangu ulisikika mwanzo tu, nikamwambia azime. Sikuja kukulazimisha. Ukisema ifutwe, nitamwambia Meneja aifute leo."

"Na leseni yako?"

"Nitalima kahawa."

Akapangusa mchanga viganjani. "Mume wangu bado sijamwambia, baba. Siwezi kuwaambia polisi kabla yake. Nipe mpaka Jumapili."

Siku zile zilikuwa ndefu. Meneja alinipigia kila asubuhi akinihimiza. Mke wangu alinitania kwamba sasa nimepata swali ambalo siwezi kumwuliza mtu, akacheka peke yake. Nami niliogopa. Niliogopa mama yule atakaa kimya, na niliogopa zaidi kwamba nitamlaumu.

Jumatatu alikuja kituoni na mumewe, mvuvi mpana asiye na maneno mengi. Walikuwa wameshikana mikono, jambo ambalo huku kwetu watu wazima hawalifanyi barabarani. Mama akamwambia Mkaguzi, "Sikilizeni. Aliyestahili kujua kwanza amekwisha kujua." Mkaguzi akawatoa wote nje, hata mimi na Meneja, akafunga mlango, akasikiliza na wao wawili tu. Alipotoka alikuwa na leseni yangu mkononi. "Honi tatu, mzee," akasema, "na kelele ya shahidi. Yaliyobaki mimi sikuyaandika." Kijana wa bodaboda aliposimuliwa zile honi alikiri, akalia, nikaenda kumsalimu wodini.

Baada ya hapo nilidai karatasi ibandikwe mlangoni, na kila safari nikawa nasimama kabla ya kuondoka na kutangaza, "Ndugu zangu, humu mna jicho na sikio. Sikio na jicho la ndani nimeomba yazimwe, wamekubali. La nje linatazama barabara." Meneja alilalamika kidogo kisha akayaagiza magari yote yafanye hivyo. Kamera siichukii. Bila ile ningekuwa nalima. Lakini nataka ijue kazi yake, kama mimi nilivyofundishwa yangu.

Shauri lilipofungwa Meneja alinikabidhi kadi ya kumbukumbu, nikampelekea yule mama mwenyewe. Alikuwa jikoni, samaki aina ya mbasa wakichemka. Akaigeuza kiganjani, akashangaa udogo wake, akaitupa kwenye makaa. Ilinuka vibaya tukatoka nje wote tukicheka.

Sasa nimestaafu, na kahawa nalima kweli. Madereva vijana wakinikuta stendi hunipa shikamoo, kisha wananizunguka na swali lile lile: mzee, yule mama alisema nini? Nami, niliyeuliza kila kitu maishani mwangu, huwajibu kwamba sikusikia vizuri. Nilikuwa napiga honi.