Kuku Aliyeambiwa Habari za Breki

Mwanangu, hebu weka hiyo spana chini kwanza. Nimeona umeegesha gari uani, na ile chupa ya kusukuma mafuta ya breki umekwisha kuifunga kwenye gurudumu la akiba. Sikukatazi. Lakini chai bado iko moto, nami kuna siku moja ya ujana wangu ambayo nataka uijue kabla hujafungua nati hata moja.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, hapa hapa Ekerenyo. Babu yako alikuwa amenioa juzijuzi tu. Hata njia ya kisimani nilikuwa bado naulizia. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, Mzee Nyabuto, alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi, aliyoinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka Kisii mjini. Ilikuwa kuukuu, lakini mzee aliipenda jamani! Aliiosha kuliko alivyojiosha mwenyewe.

Asubuhi hiyo pikapu ilikuwa impeleke mama mkwe hospitali ya Kisii. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye alikuwa ameanza kutembea akipapasa kuta. Daktari wa macho hakuwa mtu wa kupatikana kila wiki. Ukimkosa, unangoja mpaka arudi tena. Na wewe unaijua barabara ya kutoka hapa kwenda mjini, mteremko baada ya mteremko, na wakati huo ilikuwa udongo mtupu. Breki zilikuwa zimelegea, kwa hiyo mzee na babu yako waliamka mapema kutoa upepo kwenye mabomba yake.

Walitumia chupa kama hiyo yako. Upepo wa gurudumu la akiba unasukuma mafuta kutoka kwenye chupa, mafuta yanaingia kwenye kikopo cha breki kule mbele, yanatembea hadi gurudumuni, na upepo uliojificha ndani unatoka. Kazi nzuri, ukiifanya kwa utaratibu. Mzee alikuwa amelala chali chini ya gari, shati limepanda, tumbo liko nje. Babu yako alikuwa amechutama nyuma, ameshika kopo la bati la kupokelea mafuta. Kule mbele, kwenye chupa, hapakuwa na mtu.

Mimi nilikuja na uji. Nikaona mafuta yanachuruzika kwenye kifuniko cha kile kikopo, yanatambaa juu ya rangi, yanadondoka chini tii, tii, na chupa inakaribia kwisha.

Sasa nyinyi wa leo mtaniuliza, si ungesema? Mwanangu, sisi tulikuwa na chinsoni. Hiyo ndiyo haya na heshima kati ya mkwe na mkamwana. Mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni, hakumkaribia, wala hakumwita. Na huyu tumbo lake lilikuwa nje! Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikageuza uso, nikatafuta wa kumwambia, nikamwona kuku.

Nikasema kwa sauti, "Wewe kuku, toka hapo! Hayo mafuta yanayomwagika mbele ya gari yatakuua!"

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini akili yake ilipenda usingizi. Akamrushia kuku kijiti, "Shii!" Halafu akaendelea na kopo lake. Kopo lenyewe halikupitisha mwanga, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba sasa mapovu yalikuwa yanatoka tena. Chupa ilikuwa imekauka, na upepo wa gurudumu ulikuwa unaingia kule kule walikokuwa wanautoa.

Wakafunga nati, wakajaza kikopo upya. Babu yako akapanda akapiga pedali haraka haraka, ikasimama. "Iko sawa, tata!" akamwambia baba yake. Nao wakamsaidia mama kupanda, amejifunga kitambaa chake kipya, anatabasamu kama msichana anayekwenda harusini. Aliniambia, "Nikirudi nitakuona vizuri, mkamwana wangu. Mpaka sasa nakujua kwa sauti tu."

Maneno hayo yalinichoma. Injini ikawaka. Nikaona ule mteremko akilini mwangu, na mama ndani. Chinsoni ikaniambia nyamaza, na roho ikaniambia utamzika mtu akiwa hajakuona. Nikatupa kibuyu cha uji, nikakimbia nikasimama mbele ya gari, mikono juu.

"Tata! Msitoke! Mafuta yalimwagika yote kifunikoni, nimeona kwa macho yangu!"

Babu yako alitoa macho. Mzee akashuka polepole, akamwondoa mwanawe kwenye usukani, akakanyaga pedali mara moja tu, taratibu. Ikazama mpaka chini kama mguu kwenye matope.

Nilijua nitarudishwa kwetu siku hiyo hiyo. Mzee akatazama ardhi iliyolowa, kisha akanitazama mimi. "Uliona lini?"

"Nikileta uji."

"Ukamwambia nani?"

Nikainama. "Nilimwambia kuku, tata."

Mama mkwe alicheka huko ndani mpaka akakohoa. Mzee hakucheka. Alisema, "Heshima si utumwa, mwanangu. Ukiniona naelekea kufa ukainamisha uso, hapo hujaniheshimu, umeniacha. Lete sabuni."

Akapunguza upepo wa lile gurudumu, kwa sababu lilikuwa limejaa kupita kiasi. Akafunga chupa ikiwa tupu, akapaka povu la sabuni pembeni mwa kifuniko. Povu likatokota upande mmoja, na kumbe mpira wa kuzibia ulikaa upande. Akaupanga upya, akapaka tena, povu likatulia. Akapangusa sabuni yote na kukausha, ndipo akamimina mafuta. Pale palipomwagika nikapaosha kwa maji mengi, maana mafuta hayo yanakula rangi. Na unajua mzee alimweka nani kulinda chupa? Mimi! Nilisimama pale nimekodoa macho, hata inzi asingepita.

Wakafika mjini, daktari hajaondoka. Mama alirudi baada ya siku kadhaa, akanishika mashavu akaniangalia weee, akasema, "Kumbe ni mrembo hivi, na anaongea na kuku." Mzee naye akanikabidhi yule kuku. "Chukua rafiki yako," akasema. "Mzungumze ya jikoni. Ya breki njoo uniambie mimi."

Basi mwanangu, sikia. Jaribu kwa upepo mtupu kabla hujamimina mafuta, usijaze gurudumu kupita kiasi, na kwenye chupa aweko mtu mwenye macho. Pedali ikanyage taratibu, usiihonge kwa kuipigapiga. Na huyo mkeo anayepita pale na sinia amegeuza uso, mwite. Mwambie nyumba hii mtu akiona kinachovuja anasema, hata kama aliye chini ya gari ni mkubwa wake. Mficha uchi hazai.

Nyasae aibariki mikono yako. Akupe miteremko yenye mwisho mwema, na mtu wa kusimama mbele ya gari lako siku utakapomhitaji. Haya, twende. Chupa nailinda mimi.