Hatua Sitini Kutoka Majini

Baba yangu alizaliwa katika kisiwa cha Rukuba, mwana wa wavuvi. Mama yangu alizaliwa Butiama, katika nyumba ya watu wa ng'ombe na mtama. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, nawe usiyaandike, maana maandishi haya yanaweza kusomwa na wasiotuhusu. Andika tu kwamba kwa baba nilijifunza maji, na kwa mama nilijifunza kunyamaza. Shule sikuiona hata mlango wake. Kwa hiyo andika nisemavyo, usinipambie.

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwa nini nilikubali safari ile. Baba yako ni dereva wa watalii. Kazi yake ni kuwachukua wageni, kuwaonyesha simba na kuwalaza porini katika mahema. Miaka mingi amekuwa akiniambia, "Mama, ipo siku nitawachukua na nyie, tuzunguke ufukwe wetu kama wageni." Nami nilikuwa namjibu kwamba mtu mwenye nyumba halali nje kwa hiari. Lakini mwaka huu jicho langu la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia limeanza kulifuata. Nilikuwa na kitu kimoja cha kumkabidhi kabla halijazima: kaburi la kaka yake. Nikamwambia, "Nitakuja. Ila siku ya pili utanipeleka ninakotaka mimi." Akafurahi, akadhani nimelegea.

Mwanangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Alitoka Rukuba na mtumbwi wa dagaa, upepo ukawapindua, wenzake wakashika mbao, yeye hakushika kitu. Ziwa lilimtoa siku ya tatu, upande wa Musoma, kwenye ufukwe unaotazamana na kisiwa. Sisi aliyekufa maji hatumwingizi nyumbani. Huzikwa pale pale ziwa lilipomlaza, na waliomzika hunawa kabla ya kugeuka, kisha huondoka bila kutazama nyuma. Katekista alisoma sala, wanaume wakafukia. Baba yako, kitinda mimba wangu, alikuwa amelala mgongoni mwangu.

Nilisimama kichwani pa kaburi nikafanya kama baba alivyonifundisha kutambua mahali nyavu zilipotegwa. Unatafuta vitu viwili visivyosogea, unavipanga katika mstari mmoja. Nyuma yangu palikuwa na jiwe kubwa lililopasuka katikati. Mbele yangu, ncha ya kusini ya Rukuba. Mstari ukaniingia kichwani. Kisha nikashuka hadi majini nikihesabu, na hatua zilikuwa sitini. Ndipo nikanawa, nikaondoka, sikugeuka. Moyoni nilijisifu kwamba nisiyejua kalamu nimeliandika kaburi la mwanangu pasipofutika.

Nilipofika nyumbani nikapiga marufuku jina lake. Aliyelitaja nilimnyima chakula siku hiyo, hata shangazi zako, ambao walikuwa wamelelewa mgongoni mwake. Niliamini uchungu ni kama moto wa jikoni, usipouchochea utazimika. Ufukwe ule sikuukanyaga tena. Baba yako alikua akijua kwamba alikuwa na kaka, na akijua kwamba haulizwi.

Basi tuliondoka Butiama asubuhi: baba yako, mama yako, wewe, wadogo zako wawili, na mimi nimefungwa mkanda kiti cha mbele kama mzigo wa mayai. Bunda tulinunua mkate na mkaa, tukateremka Guta, kando ya ziwa. Baba yako alichagua mahali penye nyasi fupi, zilizolingana kama ndevu za bwana harusi, akaanza kupigilia vigingi. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikamwacha hadi akamaliza hema la pili.

"Wageni wako unawalazaga mahali kama hapa?" nikamuuliza.

"Hapa ndiyo penyewe, Mama. Nyasi fupi, nyoka haji."

"Na aliyezifupisha ni nani?"

Akatazama nyasi, akatazama ziwa, akaona njia iliyopondwa kutoka majini hadi kwenye hema lake. Mama yako alicheka hadi akashika gari. "Baba watoto! Kumbe Wazungu wa watu unawatandikiaga kitanda mlangoni kwa kiboko!"

Akang'oa vigingi vyote, akapandisha mahema kule juu kwenye mashamba, na wadogo zako wakimwimbia kiboko njia nzima. Yule wa mwisho akaja kuniambia, "Mke wangu, leo ulale hema letu unilinde." Nikamwambia mume anayelindwa na mkewe anastahili kuolewa yeye, na mahari yake haifiki hata kuku. Hayo niliyasema nimekunja uso, kama kawaida yangu. Ninyi mlikaa mkalitazama ziwa, mkasema ni zuri. Mimi nililipa kisogo nikachambua mchele.

Siku ya pili tulirudi na barabara kuu, tukaipita njia panda ya Butiama bila kuingia, tukafika Musoma, tukashika barabara ya vumbi inayofuata ufukwe. Kila ghuba mlitaka tusimame. Baba yako aliwaeleza majina ya ndege kwa sauti yake ya kazini. Ndipo nikamwambia ninachokitafuta. Sauti ile ilikatika, hakuirudia tena.

Jiwe nililiona mwenyewe, kwa jicho moja. Limepasuka vile vile. Rukuba nayo ilikuwa mahali pake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jambo ambalo hamjanizoea nalo. Nikamsimamisha baba yako, mgongo kwenye jiwe, pua kwenye ncha ya kisiwa. "Sasa shuka moja kwa moja hadi majini. Kisha rudi juu ukihesabu sitini. Hatua zangu, fupi, si hizo zako."

Akashuka, akarudi akihesabu kwa sauti. Sitini ikamkuta katikati ya shamba la nyanya.

Mwenye nyanya alikuwa pembeni akianika dagaa, mama wa makamo. Akaja na beseni kiunoni.

"Shikamoo, mama. Mmepoteza nini kwenye nyanya zangu?"

"Marahaba. Tunatafuta kaburi."

"La lini?"

"Huyu alikuwa mgongoni." Nikamwonyesha baba yako, mwenye mvi.

Akaweka beseni chini. "Pole, mama. Hapa pamekuwa nchi kavu juzi tu. Maji yalipopanda yalifika karibu na jiwe lenu lile, nyumba tatu zikaenda na vyoo vyake. Na mimi nikiwa msichana yalikuwaga kule mbali, unaona yale matete? Kule tulikuwa tunacheza rede. Sasa wewe ulipimia maji gani?"

Swali hilo, mjukuu wangu, ndilo nililorudi nalo nyumbani. Mimi mtoto wa mvuvi, niliyefundishwa kushika vitu viwili visivyosogea, nilishika viwili, kisha kipimo cha tatu nikakifunga kwenye kitu pekee kinachosogea. Mstari upo, mahali hapapo. Na kama ningerudi hata mara moja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, ningeyaona maji yakihama, ningepanda hata mnyaa uwe alama. Sikurudi, kwa sababu nilikuwa nimejikataza.

Baba yako hakuwa ametoka kwenye zile nyanya. Akapiga magoti pale pale. Mama yako akafunga kanga yake vizuri, akaanzisha Baba Yetu, nanyi mkaitikia. Niliwaacha mmalize. Kisha baba yako akaokota jiwe, akaliweka chini, akaokota la pili.

"Acha," nikamwambia. "Si hapo."

"Najua, Mama."

"Sasa hilo jiwe unamwekea nani?"

"Niachie, Mama. Niachie tu hapa. Sijawahi kuwa na mahali pa kumwekea."

Mama mwenye shamba akasema, "Mwache, mama. Kona ile mimi silimi, nitawatunzia."

Nami nikajibu, na haya uyaandike kama nilivyoyasema: "Ukiweka jiwe pasipo na mtu, watoto wako watakuja kuziamkia nyanya."

Alirudisha jiwe la pili pale alipolitoa, kisha la kwanza, akapangusa magoti, akaenda kuwasha gari. Mama mwenye shamba alinitazama akasema, "Mama, una moyo." Hakunisifu.

Ilikuwa tulale ufukweni usiku wa pili. Mahema hayakufunguliwa. Tulifika Butiama jua lingali juu, na hakuna mtoto aliyeomba maji njiani.

Tangu siku ile baba yako hunipigia simu kila Jumapili. Huuliza macho, nami humjibu macho. Safari nyingine hajaitaja, na hataitaja. Jicho la kulia nalo limekwenda. Sasa nakujua kwa sauti na kwa kukohoa kwako. Hukaa hapa nikajiuliza ningepungukiwa nini kama mawe yale mawili yangebaki. Sioni kitu. Lakini najua pia kwamba hata leo ningemwambia vile vile, na hilo ndilo linalonichosha.

Sasa sikiliza unachopaswa kuhifadhi. Hifadhi mstari: jiwe lililopasuka na ncha ya kusini ya Rukuba. Mtu wa ukoo akiuliza, mwambie marehemu yuko juu ya mstari huo, ardhini au majini, na zaidi ya hapo hatujui. Zile sitini usimfundishe mtu, zisije zikamdanganya mwingine. Jina lake nimekuambia leo asubuhi. Wafundishe wadogo zako, mlitaje wakati wa chakula, mbele ya baba yenu, hata akiinuka akaacha ugali wake.

Na ile picha uliyompiga baba yako kwa simu akiwa amepiga magoti kwenye nyanya, uliyoniuliza kama uifute: usiifute. Ichapishe kwenye karatasi, uiweke ndani ya daftari hili. Chini yake andika kwamba si hapo. Usiandike kwamba nilimkataza, hilo analijua.