Kitufe Kilichonivua Nguo Kianjokoma

Nikikumbuka ukumbi ule wa Kianjokoma damu bado inanichemka, ingawa wa kukasirikiwa ni mimi.

Ofisi yetu ya Embu iliwatengenezea wafugaji programu ya kutumiana ujumbe kuhusu maziwa. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu. Niliandika maagizo ya kuifanya kompyuta ijibonyezee vitufe yenyewe, kwa vipimo vya skrini: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu. Ofisini haikukosea hata siku moja.

Siku ya kuwaonyesha wafugaji, wote wakiwa wameshajiandikisha kwa simu zao, niliunganisha projekta, nikajipiga kifua, nikaianzisha. Mshale ukaruka kitufe cha "Hifadhi", ukabonyeza "Tuma kwa Wote".

"Kendi!" nikamfokea mwenzangu aliyepanga ule ukurasa. "Nani alikuambia uhamishe vitufe? Hii ni kazi gani?"

"Sijahamisha kitu," akajibu. "Umeweka projekta, skrini ikabadilika ukubwa. Vipimo vyako ni vya skrini ya ofisi."

Mimi nikubali? Nilikuwa nafungua mdomo tena simu zilipoanza kulia ukumbi mzima. Mama mmoja akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Maziwa yako ni maji matupu, mwizi wewe."

Yalikuwa maneno yangu ya kujaribia, niliyoyaweka ndani ya yale maagizo. Niliyaandika nikicheka peke yangu.

Mama akasimama. "Nani huyo ameniita mwizi?"

Kendi alinisogezea tu maikrofoni.