Hatua Nne za Bisibisi

Anayetaka gari moja limtumikie barabarani siku sita na mashindanoni siku ya saba huambiwa na fundi mwaminifu kwamba haiwezekani. Shokamzoba laini humeza mashimo ya mjini, lakini kwenye kona ya kasi huliacha gari lilale ubavu mpaka tairi la ndani lisiishike tena lami. Shokamzoba ngumu hulishikilia gari kwenye kona, na humvunja dereva mgongo kabla hajafika kazini. Mimi nilitaka yote mawili, na nilikuwa na rafiki aliyeniambia kwamba yanapatikana.

Nilikuwa nimetoka Kenya kuja Uganda kusimamia kiwanda kidogo cha uchapaji pale Wandegeya. Mchana nilisahihisha tasnifu za wanafunzi na matangazo ya makanisa. Jioni nilisoma vitabu vyangu. Anasa yangu moja ilikuwa gari dogo la michezo la viti viwili, la kijani, nililolinunua kwa mwalimu mmoja wa Kihindi aliyekuwa ameamriwa na serikali ya wanajeshi kuondoka nchini pamoja na wenzake. Nilimlipa bei aliyoitaja mwenyewe, na sijaacha kujiuliza kama haikunipasa kumlipa zaidi ya hiyo.

Rafiki yangu alikuwa fundi katika gereji ya polisi. Kwao ni kaskazini, na mdogo wake alikuwa askari katika kambi ya Makindye. Aliniita Pasta kwa sababu sikunywa pombe na sikununua kitu cha magendo, wakati ambapo hata sabuni ilikuwa ya magendo. Jumamosi alikuja kwangu na kisanduku chake cha zana, tukafanya kazi hadi chakula kilipoiva.

Muuzaji wa Nairobi alituandikia kwamba anazo shokamzoba za kurekebishwa za aina mbili. Ya kwanza hurekebishwa baada ya kutolewa garini: unaisukuma mpaka mwisho, unaizungusha kwa mkono, kisha unairudisha mahali pake. Ni kazi ya nusu siku. Ya pili ina skrubu ubavuni, karibu na chini, yenye hatua kumi kutoka laini hadi ngumu, na kila hatua hutoa mlio mdogo unaousikia na kuuhisi kiganjani. Mtu hupiga magoti na bisibisi, akamaliza zote nne kwa dakika tano. Mimi nilielekea kwenye ile ya kwanza.

“Pasta, wewe unapenda kuteswa,” fundi alisema. “Kila wiki unataka kutoa magurudumu yote? Hii ingine napiga magoti kidogo tu, kama wewe kanisani, namaliza.”

“Kinachobadilishwa kwa dakika tano,” nilimjibu, “kinaweza kubadilishwa na yeyote apitaye.”

“Nani atapita? Nani ataingia chini ya gari yako? Ni mimi peke yangu.”

Nilicheka, nikaagiza ya pili. Zilivuka ziwa ndani ya behewa lililopakiwa melini hadi bandari ya Port Bell, nikasubiri wiki tatu kupata muhuri wa forodha, nikalipa ushuru wote. Fundi alisema mimi ndiye mtu wa mwisho Uganda nzima anayelipa ushuru, na kwamba watanitengenezea sanamu.

Tulizijaribu kwa miezi miwili. Tuliteremka mlima wa Makindye, tukaenda na kurudi njia ya Port Bell. Mimi nilieleza jinsi gari linavyojibu, naye alishuka, akazungusha, akapanda tena. Hatimaye tulikubaliana. Barabarani, mbele hatua ya tatu na nyuma ya pili. Mashindanoni, mbele ya saba na nyuma ya sita. Ile tofauti ya hatua moja kati ya mbele na nyuma ndiyo iliyozuia mkia usituponyoke kwenye kona, na yeye ndiye aliyeigundua. Sijui kama nimewahi kufanya kazi na mtu kwa furaha kama ile.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya watu wachache, kwenye uwanja mdogo wa ndege usiotumika nje ya mji, kona zikiwa zimepangwa kwa mapipa. Majuma mawili kabla ya mbio zile tulisikia kwamba meja mmoja wa Makindye ameandikisha jina. Alikuwa na gari lenye nguvu mara mbili ya langu, alilojichukulia nje ya nyumba iliyoachwa, na hakuzijua kona. Wote tulimfahamu kwa jambo jingine: mtu aliyempita barabarani mwezi uliotangulia alirudi kwake kwa miguu, bila gari na bila viatu, na alihesabiwa kuwa mwenye bahati.

“Wewe kaa nyuma yake,” fundi aliniambia. “Watu yote itakaa nyuma.”

“Nitaendesha kama ninavyoendesha siku zote.”

Baada ya siku mbili alirudia. “Pasta, huyu mtu hapana cheza.”

“Wala mimi sichezi. Wamechukua maduka, wamechukua magari, wamechukua watu. Mimi sijawahi kuwaambia ndiyo, na sitawaambia kwa kupunguza mwendo.”

Aliinama kupanga zana zake kisandukuni. Nilidhani ameelewa, na nilimheshimu kwa kutonibishia.

Asubuhi ya mbio niliziweka hatua mwenyewe, saba na sita. Fundi akaniambia niende nikanywe chai, yeye atazame upepo wa matairi. Nilikwenda.

Katika kona ya kwanza gari lililala ubavu kama mtu aliyechoka. Nikadhani ni joto limeyafanya mafuta ya shokamzoba kuwa mepesi, lakini hayakuwa yamepata nafasi ya kupata joto. Kwa raundi kumi nilipigana na usukani. Meja alizikata kona zake vibaya, akiangusha mapipa, na kila nilipomkaribia gari langu liliyumba nikalazimika kuachia. Alishinda. Mimi nilikuwa wa pili, na wengine walikuwa mbali nyuma, wakiendesha kama wanaosindikiza maiti.

Meja alishuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu, akampiga begani. “Fundi, asante.”

Nilisimama nikijiuliza fundi wangu ameshukuriwa kwa kazi gani. Kisha nikachukua bisibisi, nikalala chini ya gari nikiwa bado na ovaroli la mbio, nikazungusha kila skrubu hadi mwisho wa ulaini huku nikihesabu milio. Mbele, mitatu na mitatu. Nyuma, miwili na miwili. Zilikuwa hatua za barabarani; nikazirudisha kwa hesabu ileile.

Adui angelegeza moja tu, nami ningepinduka kwenye kona ya pili. Mtu asiyejua angezilegeza zote hadi mwisho. Huyu alizirudisha zote nne hatua nne zilizo sawa, akaihifadhi hata ile tofauti ya hatua moja ili mkia usiniue. Nilipoona uangalifu ule, sikuhitaji kumuuliza mtu.

“Ni wewe,” nilimwambia nilipotoka chini.

“Ni mimi.”

“Ulimwahidi meja?”

“Aliita mdogo wangu. Akamwuliza, rafiki ya kaka yako ataendesha polepole, ama vipi? Unataka kijana aseme nini?” Alipanguza mikono ingawa haikuwa na mafuta. “Nilikuambia mara mbili.”

“Hukuniambia mara ya tatu.”

“Mara ya tatu nilitumia bisibisi.”

“Ungenieleza habari za mdogo wako, ningejitoa.”

“Wewe? Ungeenda kwa meja na kifua mbele kumfundisha dhambi. Pasta, mimi nakujua.”

Nimeyapima maneno yale kwa miaka mingi, na siwezi kuapa kwamba alikosea. Lakini hakunipa nafasi ya kumthibitishia kwamba amekosea, na hilo ndilo silisamehe. Katika mji ambamo kila kitu kingeweza kuchukuliwa, nilibakiwa na kitu kimoja tu, kukataa kwangu. Askari hawakukifikia. Kilichukuliwa na mtu niliyemwachia gari ili nikanywe chai; na katika uwanja ule mzima, mimi peke yangu ndiye nisiyejua kwamba nimekubali.

Wakati huohuo niliitwa kwenye meza ya waamuzi kupokea zawadi ya nafasi ya pili. Meja alinishika mkono, akaushikilia.

“Wewe uko na adabu,” alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Iko watu nasoma sana na hapana adabu. Wewe uko na adabu.”

Ningeweza kumwambia ukweli wote: kwamba sikupunguza mwendo, kwamba nililegezewa gari, kwamba nilikuja kumshinda. Ukweli ule ungemfikia nani kwanza? Rafiki yangu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, kofia mkononi, na mdogo wake alikuwa kambini. Aliyenisaliti alikuwa ameifanya kweli yangu kuwa hatari kwake kuliko kwangu.

“Asante, afande,” nilisema. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na sikuwa nimewahi kumwita mtu yeyote afande.

Fundi alikuja kupanda upande wa abiria, kama kawaida yetu.

“Tafuta gari lingine,” nilimwambia.

“Sawa. Kasirika. Mimi nataka ukasirike, ukae na hasira mpaka uzee.”

Nilimwacha pale na kisanduku chake. Njia ya kurudi mjini ilikuwa imejaa mashimo, nayo shokamzoba, zikiwa kwenye hatua zake za barabarani, ziliyameza yote. Gari halikuwa limepata kwenda vizuri vile. Kwenye kizuizi askari kijana aliinama dirishani, akatazama namba iliyobandikwa mlangoni.

“Unatoka mbio? Nani ameshinda?”

“Meja.”

“Na wewe?”

“Wa pili.”

Akacheka kwa furaha ya kweli, akamgeukia mwenzake: “Wa pili! Huyu mtu ya akili!” Akainua mti wa kizuizi, akanipigia saluti. Mkono wangu uliinuka kuijibu kabla sijauzuia.