Konokono wa Chunguni

Je, wewe ungemlisha kobe wa mtu ambaye huenda amekwisha kufa?

Pale Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Ukinga, wengi wangekujibu hapana, na hawakuwa watu wabaya. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza. Askari walikuwa wamepita wakikomba mahindi vihengeni na kukata hata mikungu michanga ya ndizi. Kobe wa maji ni nyama, na mchuzi wake ni mtamu. Yotamu alilijua hilo kama jirani yeyote. Ila kobe yule aliyekaa uani kwake hakuwa wake.

Alikuwa wa Zebedayo, mwanawe wa pekee. Kijana alimnasua wavuni akiwa na mguu uliochanika, akamtibu, akamwekea kizimba, wakazoeana, hata kobe akawa anatoa shingo akiisikia sauti yake. Siku askari walipokuja kusaka wapagazi, Zebedayo alitolewa ndani akiwa na tonge mkononi. Hakuulizwa kama anataka. Dola iliyojisifu kuleta ustaarabu iliwafunga vijana wa watu kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakabebe risasi za ugomvi usiowahusu ndewe wala sikio. Yotamu alisimama mlangoni. Jirani aliyejaribu kumshika mwanawe mwenyewe asichukuliwe alikuwa bado amelala chini, damu ikimtoka puani.

"Baba!" Zebedayo aliita akiwa mstarini. "Kobe. Usimwache afe. Nitamkuta?"

"Utamkuta," Yotamu alijibu.

Hakuwa na jingine la kumpa. Mtoto alikuwa anachukuliwa mbele ya macho yake, naye alichoweza kutoa ni neno hilo moja. Basi akaapa moyoni kwamba hilo, walau hilo, halitaanguka.

Masika yalipoanza, kobe akaugua. Yotamu alikuwa akimwokotea konokono ufukweni, naye alikula vizuri, lakini alizidi kukonda. Macho yakavimba. Katika kinyesi chake wakaonekana minyoo weupe, wembamba kama uzi wa wavu. Yotamu akamponda konokono mmoja juu ya kigae, akakiinua kigae juani. Ndani ya nyama ile vilifurukuta vitu vidogo vyeupe, kama punje za unga zilizotiwa uhai.

"Damari," akamwita mkewe, aliyekuwa akifinyanga uani, "njoo uone tunachomlisha mgonjwa wetu."

Damari akainama, mikono imejaa udongo. "Mungu wangu! Na wengine je?"

Wakavunja wengine. Si wote waliokuwa na vijidudu, ila waliookotwa karibu na pale watu wanapojisaidia na ng'ombe wanaponywea, hao walijaa.

"Kama wanaingiwa na uchafu wa maji," Yotamu akasema, "basi wasiyaone hayo maji. Tutawalea sisi wenyewe."

"Nani? Konokono?"

"Konokono."

Damari akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu mwana achukuliwe, na lilimwisha upesi. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na chungu kikubwa kilichomeguka mdomo wakati wa kuchomwa. "Hiki hakuna atakayekinunua. Walee humo."

Yotamu hakutia konokono chunguni. Alitafuta mayai yao, ule ute unaoganda chini ya majani ya mayungiyungi, akayasuuza na kuyasuuza tena kwa maji ya chemchemi inayotoka mwambani huko juu, ambako ng'ombe hawapandi. Maji hayohayo akayajaza chunguni. Vilipoanguliwa viumbe vidogo kama punje za ulezi, akavilisha majani ya viazi yaliyooshwa, na maganda ya konokono yaliyochomwa na kusagwa ili navyo viote maganda magumu. Katika kigae kingine akafuga nyungunyungu juu ya maganda ya ndizi. Huku nyuma kobe aliishi kwa nyungunyungu hao, majani, na mbegu za maboga zilizotwangwa, maana hizo hata watu huzila kutoa minyoo. Konokono walipokua, Yotamu akamponda mmoja na kumtazama juani. Alikuwa safi. Kobe akaanza kunenepa.

Anyisile, mkulima wa Bujonde aliyezoea kuja kubadilisha ndizi kwa vyungu, alikikuta chungu kile uani.

"Ndaga, mama Zebedayo, nashukuru kwa vyungu. Na hiki chenye konokono, ndiyo mboga yenu Wakisi siku hizi?"

"Ni ya kobe," Damari akasema.

"Ya kobe! Mtani wangu Yotamu, nimetembea toka Bujonde tumbo limeshikana na mgongo, kumbe kwako kobe ana wafugaji? Nipe nyama hiyo, nikuachie ndizi zote."

"Ukimgusa utarudi Bujonde bila meno."

"Haya, haya! Meno yenyewe sasa hayana kazi, lakini nayapenda." Anyisile akacheka peke yake. Kisha akamwona Yotamu alivyoshika ukingo wa chungu, akaacha kucheka. "Ni wa kijana, siyo?"

"Ni wake."

Anyisile akaweka chini mkungu mmoja zaidi ya walivyoafikiana, akaondoka.

Kosa lilikuja siku ambayo Damari alikuwa ameenda Matema na mtumbwi wa vyungu. Chungu cha konokono kikaanza kuvuja. Yotamu akafanya ambalo mume yeyote wa mfinyanzi angelifanya: akachota donge la udongo laini kwenye lundo la mkewe, akauziba ufa kwa ndani. Nani pale Ikombe angeuita udongo uchafu? Ndio uliowalisha. Watoto waliuchezea, na wanawake waliuweka ulimini kupima ulaini wake.

Majuma machache baadaye, Damari akiwa amekwisha rudi, kobe akaacha kula. Macho yakavimba tena. Yotamu akaponda konokono wake mwenyewe, aliyemlea, akainua kigae juani, na vile vijidudu vilikuwa vinafurukuta.

Damari alimkuta amekaa chini, kigae mapajani.

"Nimemuua, mama Zebedayo."

Damari akakipapasa chungu ndani. "Hapa umeziba na nini?"

"Udongo wako."

"Upi? Huu mbichi?" Akachukua donge, akalipasua kwa kucha. Humo mlikuwa na vikonokono vidogo kuliko mtama. "Udongo huu tunauchimba bondeni, ng'ombe wanaponywea. Mimi nikiufinyanga naupitisha motoni. Wewe umeutia majini."

Yotamu akayamwaga yale maji mbali, akawaua konokono wote kwa maji yanayochemka, wale aliowalea tangu wakiwa mayai. Damari akaingia ndani, akatoka na chungu kizima, kipya, chenye nakshi nyeupe. Katika njaa ile chungu kama hicho kilikuwa chakula.

"Usikitazame hivyo," akasema. "Chukua, kabla sijabadili nia."

Yotamu akarudi kwenye mayai. Kila siku alimfumbua kobe mdomo kwa kidole na kumtia unga wa mbegu za maboga, akimsemesha kama mtu anayemsihi mgonjwa. Kuna siku shingo ilining'inia tu, na majirani wakamwambia waziwazi kwamba anamnyima Mungu kazi yake. Yeye akaendelea kutwanga mbegu. Polepole macho ya kobe yakafunguka.

Ndipo Wadachi wakakimbia na Waingereza wakaingia. Bendera ikabadilika, makaburi ya wapagazi hayakuwa na bendera yoyote. Wachache wakaanza kurudi, na jioni moja akatokea njiani mtu mwembamba anayetembea kwa fimbo, na Damari akapiga ukelele kabla Yotamu hajamtambua mwanawe.

Zebedayo alikula kidogo. Aliuliza tu, "Yupo?"

Yotamu akamleta. Kobe alikuwa mzito, macho maangavu. Zebedayo akaweka kiganja juu ya gamba lake na kukiacha hapo. Yotamu naye, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akasema kuliko alivyosema mwaka mzima: mayai, chemchemi, ule udongo. "Konokono wa ziwani wana minyoo, mwanangu. Hawa wetu hawana. Asile wa ziwani kabisa."

"Umehangaika, baba."

"Uliniambia asife."

"Hakufa," Zebedayo akasema. "Ndaga, baba."

Kesho yake asubuhi Yotamu alitoka uani akakuta kizimba cha kobe kiko tupu. Akatazama ziwani. Zebedayo alikuwa ndani ya maji, magotini, kobe kifuani. Yotamu akateremka mbio juu ya mawe, amefungua mdomo kumkumbusha habari ya konokono.

"Amefungiwa vya kutosha, baba," Zebedayo akasema bila kugeuka.

Yotamu akasimama ukingoni. Yale maneno ya minyoo akayameza. Mwanawe akainama, akafungua mikono. Kobe akakaa kidogo kati ya miguu ya kijana, shingo nje; kisha akapiga maji kwa ule mguu wenye kovu, akashuka kuelekea kwenye kina, na mchanga uliotibuka ukatulia nyuma yake.