Sabuni Iliyolala na Blanketi Langu

Nikinusa maparachichi yaliyoiva kupita kiasi, moyo wangu hurudi jikoni kwetu, nje kidogo ya Karatina, Julai ile ya ukungu mama alipoacha kuchuma chai ili atengeneze sabuni. Matunda yaliyokosa wanunuzi sokoni tuliyachemsha polepole hadi mafuta yakaelea. Sabuni si uchawi: unachanganya mafuta na maji yenye kostiki, ile chumvi kali inayounguza ngozi, unakoroga hadi mchanganyiko uwe uji mzito, unamimina kwenye boksi, unangoja. Kungoja ndiko kugumu. Uji ule hutaka joto ili ushikane, na Julai yetu haina joto la kugawa. Mama, kama mwanamke yeyote wa kwetu, aliipandisha darini juu ya meko, tunapokaushia kuni. Ikakauka vizuri ajabu, tukaipeleka dukani tukiimba.

Mwenye duka, Baba Kamau, alikuwa amemwahidi rafu karibu na mlango. Alinusa kipande kimoja, akacheka hadi akashika kaunta.

“Mama Nyambura, hii sabuni iko na moshi. Ati watu waoge wanuke kama sufuria ya githeri?”

Hata hivyo alisema rafu itangoja hadi mwisho wa Agosti. Baadaye angempa mtu wa biskuti. Nyanya alishauri kikapu cha kuchumia chai kisitupwe bado. Mama alijibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ile ya moshi tukafulia sare za shule.

Alipomimina sabuni ya pili, aliweka kiganja ubavuni mwa boksi, akaniita niguse. Lilikuwa na joto, ingawa moto ulikuwa mbali. Sabuni changa hujipasha yenyewe, mradi isiibiwe joto lake.

“Leta blanketi lako,” akasema.

Tulilifunika boksi, nami nikalala nimejikunja kwa dada yangu, nikitetemeka kwa baridi na furaha. Asubuhi sabuni ilikuwa imeshikana, nyeupe kama maziwa. Ilipokomaa, Agosti ikiwa imeshapita, Baba Kamau aliinusa mara mbili, kisha akaondoa biskuti zilizokuwa zimeshatangulia kwenye rafu.

Leo tuna kiwanda kidogo mjini, chenye mashine ya kukoroga na wafanyakazi wenye aproni, na sabuni yetu hufika Kenol na Doldol. Vijana hunieleza juu ya vyumba vya joto vya kisasa, nami huwasikiliza kwa hamu, kwani huenda tukajenga kimoja. Lakini Julai ikiingia, kabla hawajaanza kazi, huwashika mikono na kuiweka ubavuni mwa boksi. Kisha tunaleta mablanketi.