Mkono Ambao Mama Hakuuinua

Wahenga walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kuishi Kakuma, wala kumpandisha mama mzee garini alfajiri kwenda Lodwar kumtafuta daktari wa meno wa serikali. Kung'oa ni dawa, sawa, lakini mwenye koleo yuko wapi?

Mama yangu alipokuja kukaa nami Kakuma, ninakofundisha shule ya msingi, alikuwa na gego moja la kulia lenye tundu dogo. Tundu lenyewe hata punje ya mtama isingeingia. Zahanati ya karibu ilimpa vidonge vya maumivu na kutuambia meno hutazamwa Lodwar. Jirani yangu, mama Mkongo anayeuza vitenge, alituletea karafuu. "Mama aweke hapa kwa jino," alisema, "itamutuliza kidogo." Karafuu ilimtuliza kuliko vidonge, nami nikaona aibu kwa niaba ya serikali yangu mbele ya mkimbizi.

Daktari tuliyemkuta Lodwar alikuwa kijana mpole kutoka "Kenya", kama tunavyopaita kote ng'ambo ya Kitale. Alimsalimu mama kwa Kiturkana, "Ejok," kwa ulimi uliojikwaa, na mama akampenda papo hapo. Alipomfungua kinywa aliuliza ni nani aliyemng'oa meno ya mbele ya chini. Nikamweleza kwamba ni mila yetu, wanawake wa rika lake waling'olewa wangali wasichana, na pengo lile ndilo urembo wenyewe. Akacheka, akachungulia gego, akasema linazibika bila taabu. Ila mashine ya kuzibia ilikuwa imekufa na kipuri hakijafika. Tukiwa na haraka, alisema, kliniki ya binafsi iko ng'ambo ya barabara.

Tulienda tukauliza bei. Mama alitaka kujua hizo ni mbuzi wangapi, nikamwambia, akacheka mpaka mhudumu akatutazama vibaya. "Mbuzi akiisha meno huuzwa," alisema. "Mimi siuzi mbuzi wenye meno kwa ajili ya kikongwe anayeishiwa nayo." Mshahara wangu ulikuwa tayari umemezwa na karo za wadogo zangu, kwa hiyo nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hasira. Tulirudi Kakuma na tundu letu.

Subira huvuta heri, hivyo tukasubiri. Tuliporudi Lodwar, mashine ilikuwa vilevile na sasa hata dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha. Kisha mvua ikaja, laga, mito yetu ya msimu, zikajaa, hakuna gari lililovuka. Shavu la mama lilianza kuvimba. Alikuwa mtu wa kutafuna nyama kavu huku akinisimulia habari za watu waliokufa zamani. Sasa aliloweka ugali kwenye chai na kuumeza kimya. Kimya kile kilinitesa kuliko uvimbe.

Mwishowe tulimpata daktari yuleyule, akiwa na ganzi, na benchi la wagonjwa limejaa hadi nje ya mlango. Alisema muda wa kuziba umepita, gego limeoza hadi mzizini. Akampiga sindano, akangoja, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Penye usaha ganzi haishiki vizuri. Mwambie akisikia maumivu ainue mkono, nitasimama niongeze dawa."

Nilimfasiria mama kwa Kiturkana, neno kwa neno. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Muda wote ule niliitazama mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya shuka mapajani, vidole vimenyooka, haikusogea hata kidogo. Jino lilikuwa gumu na lilitoka kwa vipande. Daktari alijifuta jasho akasema wagonjwa wote wangekuwa kama mama yangu, kazi yake ingekuwa rahisi. Nilijisikia fahari. Njia nzima ya kurudi niliwasimulia abiria.

Juzi daktari alinipigia simu mwenyewe. Aliona siku ile kwamba gego la kushoto, ambalo ndilo mama analolitegemea sasa kutafuna, nalo limeanza kutoboka. Mashine imetengenezwa, alisema, nimlete mama upesi kabla haijaharibika tena. Nilikimbia kutoka shuleni na habari njema. Mama alikuwa ameketi nje akisugua meno kwa kijiti cha mti wa esekon. Akasema haendi.

Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwambia bila gego hilo atakula uji kama mtoto. Akasema uji ni chakula. Nilipozidi kumuuliza, ndipo aliponiambia.

"Nilisikia yote," alisema. "Kila kipande."

Nilimuuliza kwa nini hakuinua mkono. Alinitazama kama mtu ambaye si yeye aliyemlea. "Tulipong'olewa haya ya chini, shangazi alituambia vivyo hivyo, anayeumia ainue mkono. Msichana mmoja akainua. Alichekwa mpaka akaolewa. Ulitaka nikuaibishe mbele ya wale watu wote?"

Nilijuta, na bado najuta. Maneno ya daktari nilikuwa nimeyafikisha yote, na mila hiyo naijua tangu nizaliwe, lakini sikuwahi kuviweka pamoja. Nikamweleza taratibu kwamba sindano ile huilaza nyama, jino likatoka mtu asisikie. Kwamba mkono haukuwa wa woga, ulikuwa wa kumwomba daktari aongeze dawa. Na kwamba jino lingetazamwa mapema, ganzi ingeshika.

Alikitoa kijiti mdomoni.

"Wale tuliokaa nao benchi," aliuliza, "wao walipong'olewa hawakusikia maumivu?"

Nikamwambia hawakusikia.

Akakirudisha kijiti mdomoni, upande wa kushoto, akaendelea kulisugua lile gego ambalo bado linazibika.